Nilipeleka saa ya marehemu ami, nikarudishiwa saa mpya

Nilijizuia nisiandike mpaka hasira zishuke. Hazijashuka, basi acha niandike.

Ninakusanya saa za zamani za kuzamia, pamoja na matangazo yake niliyokata kwenye magazeti ya kizamani. Matangazo ninayo mengi kuliko saa, maana karatasi haina bei ya saa ya Blancpain ya 1953. Saa niipendayo ni Seiko 6309, ile wanayoiita kasa kwa lile umbo lake nene la duara. Aliniachia ami, aliinunua Muscat. Siku zake zimeandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Nambari ya mgongoni inaanza na 9 ya mwaka kisha 2 ya mwezi, yaani Februari 1979. Kitufe cha kutilia majira hakikai kwenye tatu kama saa nyingine, kimeshuka kwenye nne, pale sie tunaposoma saa kumi.

Ami aliivaa akizamia kamba koche Nungwi. Ubavuni palikuwa na mkwaruzo wa jiwe la mwamba, mrefu kama punje ya mchele. Kila nikiivaa kidole changu kilikuwa kinakwenda pale.

Ilianza kuchelewa. Nikaipeleka kwa fundi saa mmoja wa mjini, jina nalisitiri. Nikamchukulia na ukurasa wa tangazo la saa hiyo aone uso wa asili ulivyo, asije akabadilisha kitu. Nikamwambia fundi, "Ami, safisha mashine tu. Nje usiguse." Akasema, "Inshaallah."

Baada ya wiki, au zaidi kidogo, nakwenda. Saa inang'aa kama sufuria ya harusi! Kapiga polishi mwili mzima, kingo zote zimelala. Mkwaruzo wa ami hakuna. Akrabu, mishale ya saa, katia mpya, nyeupe pe, na zile zangu rangi yake ya kung'aa gizani ilishageuka kama maziwa ya chai, ndiyo thamani yenyewe ile. Pete ya kuzunguka, ile ya pembeni mwa kioo, nayo mpya. Na tangazo langu lipo mezani, juu yake kikombe cha kahawa. Duara la kahawa limemkaa mzamiaji usoni.

Nikauliza, "Ami, vitu vya zamani vi wapi?"

"Zishatupwa. Mwanangu, nimekutolea bibi kizee nimekurudishia mwari, nawe wanuna? Ulitaka saa au ulitaka uchafu?"

Watu barazani wakacheka. Nikalipa, nikaondoka bila ya kuaga. Mie, niliyelelewa Mkunazini, nimeondoka kwa mtu mzima bila ya kuaga!

Nilitaka niandike msende kabisa. Lakini niseme kweli: tangu siku ile saa haijachelewa hata dakika. Kioo hakiingii mvuke tena, na mpira wa mgongoni kabadilisha bila ya kunidai. Mashine anaijua, wallahi anaijua kuliko wote niliowahi kuwapelekea. Basi nendeni, ila mkae hapo hapo mpaka amalize. La, msende. Sijui, kila nikitazama ule ubavu napandwa upya.

Jana kijana wake kanipigia, ati pete ya zamani imeonekana ndani ya kopo la misumari, na pengine akrabu zimo humo humo. Naenda baada ya Alasiri. Tangazo siendi nalo.