Nyumba ya Kijitonyama niliyokaa Dar wakati wa kuwaasili watoto: nyota nne

Nyota ya tano imeliwa na LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, na roshani. Nitafika huko.

Kwanza mjue nilikuja kufanya nini, maana nyumba inayomfaa mtu wa semina haimfai mtu mwenye watoto. Mimi ni wa Voi, nimeolewa na Mpare wa Same. Kaka yake mume wangu na mkewe walitangulia mbele ya haki, wakaacha watoto wawili: msichana wa miaka tisa na mvulana wa minne. Walikuwa Mbagala kwa bibi yao mzaa mama, na bibi miguu imeshamkataa. Wazee wakakaa, wakakubaliana tuwaasili kwa njia ya mahakama, tusiwabebe tu juujuu halafu kesho shule ikiuliza karatasi tuanze kutazamana. Mume wangu alikuwa anakuja na kurudi kwa sababu ya kazi. Mimi nikabaki Dar na watoto ambao hadi hapo walinijua kwa sauti ya simu.

Wakenya wenzangu mnaoniandikia kuuliza: hii si safari ya wiki mbili. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka asiye raia awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo ndipo aombe kuasili. Ya kwetu ni ya ndugu kwa ndugu na mume wangu ni raia, na bado tulihitaji wakili tangu mwanzo. Tafuteni wakili kabla ya kutafuta nyumba.

Sasa nyumba. Iko Kijitonyama, mtaa wa ndani. Ni ghorofa moja iliyogawanywa sehemu mbili za kupangisha wageni, ya mbele na ya nyuma; mwenye nyumba anakaa chini. Sisi tulipewa ya nyuma: vyumba viwili, sebule, jiko, choo cha ndani. Bei ni shilingi 65,000 kwa usiku, na ukilipa mwezi mzima inashuka vizuri. Nikigawa kwa ishirini kupata hela ya kwetu nikaona ni nafuu kuliko chumba kimoja cha hoteli ambacho ningelazimika kununua chakula nje mara tatu kwa siku. Vitanda vina vyandarua visivyo na matundu (nilivikagua, mimi ni mtu wa kukagua), maji yanatoka kwenye tangi la juu na hayakukatika hata siku moja, feni zinafanya kazi.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni jiko. Nyumba nyingi za wageni zikisema zina jiko zina maana ya birika la umeme na vikombe viwili. Hii ina jiko la gesi la moto mbili, masufuria ya ukubwa wa kueleweka, mwiko, chungio la tui, na mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi, ya mbao, imekaliwa na watu hadi imeng'aa. Siku za mwanzo msichana alikuwa ananijibu "ndiyo" na "hapana", anakaa na mdogo wake pembeni ya sebule kana kwamba wanasubiri basi. Nikanunua nazi kwa Mangi, mwenye duka la kona, nikaanza kuhangaika nayo. Akanitazama weee, akaja, akakaa juu ya mbuzi, akakuna nazi nzima bila kusema neno. Nilipotaka kumimina tui lote kwenye maharage akanishika mkono. "Mama mdogo, la kwanza weka pembeni. Ukilitia sasa hivi litakatika." Kuanzia hapo jiko likawa lake na mimi nikawa msaidizi. Kuna hoteli ya nyota tano inayoweza kunipa hilo?

Afisa ustawi wa jamii alipokuja kutuona, alitukuta tumekaa mezani tunachambua mchele. Nayo meza hiyo muizingatie: nyumba isiyo na meza ya kulia, kila mtu anakula ameshika sahani kivyake, na mtoto mgeni ndiyo kabisa anajificha chumbani na sahani yake.

Mahali ilipo pia panasaidia. Kituo cha Makumbusho hakiko mbali na daladala za Mbagala unazipata hapo, kwa hiyo kila Jumapili tulikuwa tunakwenda kwa bibi, tunakula, tunarudi. Msiwakate watoto na bibi yao ghafla, hata kama mnaogopa watalia wakati wa kuondoka. Walilia, ndiyo. Na Jumapili iliyofuata tukaenda tena. Kwa mambo ya mahakama ndiyo utachoka kidogo: kama shauri lako litasikilizwa Kituo Jumuishi cha Temeke, kule kunakoshughulikiwa mambo ya familia na mirathi, unavuka jiji zima asubuhi. Ondoka alfajiri, au uchukue bajaji mpaka kwenye foleni uanze kusali.

Siku zisizo na ofisi tulizurura. Kijiji cha Makumbusho, kilichojengwa nyumba za asili za makabila, ni mwendo wa miguu, hapo Barabara ya Bagamoyo, na kwa watoto wa umri huu ni bora kuliko Makumbusho ya Taifa kule mjini, ingawa ya mjini ina magari ya zamani ambayo mvulana aliyapenda mno. Kijijini wanaingia ndani ya nyumba zenyewe. Msonge wa Wahaya mvulana aliukataa mlangoni kwa sababu ya giza, kisha akaingia, kisha hakutaka kutoka. Dada yake alisimama mbele ya tembe la Wagogo akauliza mvua inapita wapi na paa liko bapa namna ile. Sikuwa na jibu, nikamwambia aulize mtembezaji, naye akauliza mwenyewe kwa sauti. Mlio wa ngoma ulipoanza mchana tukakaa hadi mwisho.

Siku nyingine tulikwenda Morocco kupanda mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao wenyewe, hadi Kivukoni, tukavuka na pantoni kwenda Kigamboni. Daraja lipo tangu 2016, lakini ukiwa na watoto pita majini. Unasimama katikati ya baiskeli, ndoo za samaki na watu wanaotoka kazini, na kwa shilingi 200 unaiona Dar yote kutoka upande wa maji. Hawa watoto wamezaliwa Temeke na walikuwa hawajawahi kuvuka. Coco Beach tulikwenda kwa ajili ya mihogo ya kukaanga na ile pilipili yao, si kwa ajili ya kuogelea; Jumapili jioni kuna watu wengi mno kwa mtu mwenye mtoto wa miaka minne.

Kariakoo nilikwenda kununua viatu vya shule. Wauzaji wakisikia lafudhi yangu bei inapanda. Baada ya duka la pili msichana akaniambia nikae kimya na nishike mkoba mbele. Akauliza bei yeye, akaguna, akaanza kuondoka, akaitwa, akarudi. Alinunua jozi mbili kwa bei niliyotajiwa mimi ya jozi moja. Yule kijana muuzaji akacheka, akamwambia, "Mdogo wangu, wewe utakuja kufungua duka hapa."

Haya, kasoro. Kodi haijumuishi umeme. Unaambiwa ukifika kuna uniti kidogo kwenye LUKU, na kidogo ni kidogo kweli. Chumba kikubwa kina kiyoyozi, na ukikiwasha usiku kucha utaamka gizani. Mwenye nyumba angeandika hilo kwenye tangazo lake, kwa herufi kubwa, ningempa heshima zaidi. Roshani ndiyo iliyonitisha: vyuma vyake vimeachana kiasi cha kichwa cha mtoto kupita. Nilipomwambia mama mwenye nyumba hakubisha. "Mwanangu, wapangaji wangu huwa hawana watoto," akasema, na jioni ile ile kijana wa getini, yule aliyekuwa ananiita shemeji tangu siku ya kwanza, akaja na wavu wa banda la kuku akaufunga kwa waya kuanzia juu hadi chini. Haupendezi hata kidogo. Umeshika imara. Ukifika hakikisha bado upo, na kama wameutoa kwa sababu ya picha za tangazo, mwambie aurudishe kabla hujashusha mizigo.

Mbele ya nyumba, upande wa barabara, kuna baa. Ijumaa na Jumamosi muziki unakwenda hadi usiku mnene. Sehemu ya nyuma tulisikia besi tu na watoto walilala. Mpangaji wa mbele alihama.

Kwa hiyo: kama mnakuja wawili kwa mapumziko, mnataka bahari dirishani, hii siyo. Kama unasubiri karatasi na una watoto wanaokuzoea polepole, piga simu. Omba ya nyuma, uliza bei ya mwezi hata kama hujui utakaa mwezi, na nunua uniti zako mchana. Ile ya mbele atakupunguzia elfu kumi, usiichukue.