Magari ya Nyaya ya La Paz: Usafiri wa Wenyeji Ambao Wageni Wanaufaidi

Mi Teleférico, kampuni ya umma inayoendesha magari ya nyaya (vibanda vya abiria vinavyoning'inia kwenye kamba za chuma) katika jiji la La Paz nchini Bolivia, hutangazwa kwa wageni kama kivutio cha utalii, lakini mtu aliyezoea kupanda na kushuka milima ya Mabatini, Igogo au Bugarika hapa Mwanza hachelewi kutambua kwamba kivutio ni ziada tu. Huduma hii ilijengwa ili mkazi wa mlimani afike kazini, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu inampendeza pia mgeni.

Kwanza niweke jambo moja sawa, kwa kuwa wasomaji wa jiografia hawatanisamehe: kikatiba mji mkuu wa Bolivia ni Sucre, ila serikali na bunge vimekaa La Paz, na biashara ya utalii imefuata huko. Jiji lenyewe limejibana ndani ya bonde refu, katikati yake ikiwa takriban mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, na juu ya ukingo wa bonde hilo, kwenye uwanda unaozidi mita 4,000, umetanda mji wa El Alto, uliopata manispaa yake mwaka 1985 na ambao wakazi wake wengi ni Waaymara, jamii ya wenyeji wa asili wa milima ya Andes. Matajiri wanaishi chini, kusini mwa bonde ambako hewa ni nzito na baridi ni kidogo. Wenye kipato cha chini wanaishi juu. Kwetu Mwanza mpangilio unafanana kwa sehemu, maana Capri Point inakaa kando ya maji huku nyumba za wanyonge zikiparamia mawe, isipokuwa milima yetu ni mifupi na kule tofauti ya kimo kati ya mji mmoja na mwingine inafika mita 400 hivi.

Njia ya kwanza, nyekundu, ilifunguliwa Mei 2014, ikafuatwa mwaka huohuo na ya njano na ya kijani, rangi tatu za bendera ya taifa. Awamu hiyo, yenye urefu wa takriban kilomita 10, iligharimu kama dola milioni 234, na kazi ikafanywa na kampuni ya Doppelmayr ya Austria, ambayo umaarufu wake unatokana na kuwapandisha Wazungu milimani kuteleza kwenye theluji. Fedha zilitoka serikalini wakati gesi asilia iliyouzwa Brazil na Argentina ikilipa vizuri. Kufikia 2019, njia ya rangi ya fedha ilipozinduliwa, mtandao ulikuwa na njia 10 zenye jumla ya kilomita 30 hivi.

Nilipanda njia nyekundu kutoka kituo kikuu, ambacho kimewekwa kwenye stesheni ya zamani ya reli, nikiwa na mwenzangu ambaye kazi yake ni kuwaendesha watalii kutoka Mwanza hadi Serengeti kupitia lango la Ndabaka. Kibanda kinachukua watu 10, watano wakiwatazama watano, na hakisimami kabisa kituoni. Kinapunguza mwendo, mlango unafunguka, mtu anaingia kwa hatua ya haraka kama anayerukia mtumbwi unaoondoka. Kibanda kingine kinafuata baada ya sekunde chache, kwa hiyo hakuna sababu ya kusukumana, na hakuna konda wa kukwambia usogee nyuma. Karibu yetu aliketi mama mmoja mwenye sketi pana ya malinda na kofia ya duara iliyokaa juu ya nywele za kusuka, mzigo wake ukiwa umefungwa mgongoni kwa kitambaa cha mistari ya rangi kali. Alisinzia njia nzima. Mwenzangu, aliyekuwa akipiga picha kila upande, alininong'oneza, "Kaka, hawa hata dirishani hawaangalii." Kwa mtu wa utalii huo ni ushahidi mzuri: mahali ambapo mwenyeji anasinzia, mgeni hajapelekwa kwenye maonyesho.

Lakini dirishani kuna cha kuangalia. Njia inapita juu ya makaburi makuu ya jiji, ambako wafu hawakuzikwa ardhini bali wamepangwa kwenye kuta za ghorofa, kila mmoja na kidirisha chake cha kioo chenye maua, na ukiwa juu unaona vichochoro vya makaburi hayo vikinyooka kama mitaa. Baada ya hapo ni nyumba za matofali mekundu yasiyopigwa lipu, nguo zimeanikwa juu ya paa, mbwa analala karibu na tangi la maji. Mlima Illimani, wenye kimo cha mita 6,438, unakaa nyuma ya yote hayo na theluji yake. Dakika 10 hivi zinatosha, na unashuka El Alto katika mtaa wa 16 de Julio (yaani 16 Julai).

Hapa ndipo ninapoona faida kubwa ya kiuchumi ya huduma hii. Alhamisi na Jumapili mtaa huo unageuka kuwa gulio linalohesabiwa miongoni mwa makubwa zaidi Amerika ya Kusini, linalouza mitumba, vipuri vya magari, samani, viazi vilivyokaushwa kwa baridi ya usiku, na karibu kila kitu ambacho mfanyabiashara wa Makoroboi hapa Mwanza angeweza kukifikiria. Kabla ya nyaya, mgeni alikuwa na sababu chache za kupanda huku. Sasa anapanda kwa nauli ndogo, anakula, ananunua, na fedha yake inabaki kwa wauzaji wa gulioni huko juu badala ya kuishia kwenye hoteli za bondeni.

Anaona pia majumba ya mbunifu Freddy Mamani, mtoto wa jamii ya Waaymara, yaliyopakwa rangi za kuwaka na kunakshiwa kwa maumbo ya kale ya Andes. Nilivutiwa nayo zaidi kwa hesabu yake kuliko kwa rangi. Ghorofa ya chini ni maduka ya kupangisha. Juu yake ni ukumbi wa sherehe wenye taa za kuning'inia, unaokodishwa kwa harusi. Kisha vyumba vya wapangaji. Na juu kabisa mwenye jengo anajenga nyumba yake. Jengo linajilipa lenyewe, na sasa waongozaji wanawaleta watalii kulitazama. Wenye kumbi za sherehe kule Nyegezi na Buzuruga wangelielewa bila mkalimani.

Mwaka 2019, serikali yetu iliposema inatafakari magari ya nyaya katika Mlima Kilimanjaro, waongozaji na wapagazi walipinga kwa sababu mradi ungewanyang'anya mkate. Walikuwa na hoja. Mradi ule ulilenga mtalii peke yake, ukimwondolea yule anayembebea mzigo, wakati wa La Paz ulimlenga mkazi, na mtalii akalipa nauli ileile na kukaa kwenye kiti kilekile.

Kasoro hazikosekani. Nauli ya njia ya kwanza unayopanda ilipangwa bolivianos 3, ambayo kwa kiwango rasmi cha muda mrefu ni zaidi kidogo ya shilingi 1,000 zetu, lakini kila unapobadili njia unaongeza bolivianos 2. Mtu anayehitaji njia tatu ili kufika kazini, kisha arudi jioni, anahisi mfukoni, ndiyo maana minibasi bado zimejaa barabarani na wapiga debe wake bado wanaita majina ya vituo kutoka mlangoni. Nyaya pia hazifiki kila mtaa, na radi na upepo mkali husimamisha huduma. Kwa upande mwingine, Bolivia ni nchi ya migomo inayofunga barabara kwa mawe na matairi, na kibanda kinapita juu ya hayo yote.

Kuhusu fedha, mgeni ajue kwamba kiwango rasmi cha bolivianos 6.96 kwa dola kilishikiliwa kwa miaka mingi kuanzia 2011. Gesi ileile iliyogharimia nyaya ilipopungua, dola zikaadimika tangu 2023, na mtaani zikapata bei yake, ya juu zaidi. Mwenye dola mkononi aliona kila kitu ni rahisi. Muuza vipuri wa El Alto, anayeagiza mali kutoka nje, alilia, na wafanyabiashara wetu walioonja uhaba wa dola mwaka huohuo hawahitaji kuelezwa.

Naipa huduma hii alama nne na nusu kati ya tano, nusu ikipotea kwenye malipo ya kubadili njia. Anayekwenda apande nyekundu Alhamisi au Jumapili asubuhi, achukue njia ya rangi ya fedha inayopita kwenye ukingo wa bonde, kisha ashuke kwa njano na kijani hadi mitaa ya matajiri. Atakuwa ameliona jiji lote na tabaka zake kwa gharama isiyofika bei ya sahani ya sato hapa ziwani. Ziwa letu liko mita 1,134 tu, kwa hiyo pumzi itakatika na kichwa kitauma. Siku ya kwanza apumzike, asipande El Alto, anywe chai ya majani ya koka ambayo kule ni halali na hutolewa hotelini. Majani yanayobaki ayaache hukohuko, kwa maana kwetu ni dawa za kulevya mbele ya sheria.