Restora ya sambaza ku Kituku: bei iko juu kidogo lakini iko na sababu

Kama uko Goma na unapenda sambaza ya kukaanga (tule tusamaki tudogo twa ziwa Kivu), kuna karestora kadogo ka mama moja pale unashuka kuelekea soko ya Kituku, mbao na mabati tu, meza ine, nampa nyota ine. Sahani ya sambaza, bugali na sombe (majani ya muhogo) ni 5000 faranga na bantu banalalamika eti ni ghali. Muangalie kwanza ile feza inaenda wapi.

Bavuvi banalala ku ziwa, mitumbwi tatu zimefungwa pamoja na miti, taa zinawaka, wavu iko chini, asubuhi njo banafika. Mwenye wavu anakata yake kwanza, bavuvi banagawana yenye inabakia. Halafu bamama bauzishaji banakamata beseni kwa deni, banalipa mangaribi kisha kuuzisha, na kama mvua imenyesha siku nzima na samaki imeharibika, deni iko palepale. Huyu mama yeye analipa feza mukononi asubuhi ile ile, tena kwa hii Goma ambayo banki zilifungwa mu Januari 2025! Njo maana banamuachia beseni ya kwanza, sambaza ingali inang'aa, ukiikula unasikia kabisa haijapigwa na jua.

Kitu kingine nilipenda, anakatala zile ndogondogo sana zenye banavua na neti ya mbu. Sambaza ililetwa mu Kivu mu 1959 kutoka Tanganyika, leo famili nyingi sana zinakula na kusomesha batoto juu yake, tukimaliza batoto ba samaki tutauzisha nini?

Siku za mbalamwezi samaki haifuate taa, sambaza inakuwa kidogo na bei inapanda soko nzima. Kwingine banakuchanganyishia na samaki ya barafu ya kutoka inje, wala habakuambie. Yeye anakuambia mbele ukae: leo sahani ni ndogo, ukipenda bakia, usipopenda rudia kesho. Mi nabakiaka.

Nyota moja nimeitosha juu ya mafuta, mangaribi inakuwa imechoka, unaisikia mu mudomo, na kungojea ni kurefu sana kama bamotari bamejaa. Mwende mbele ya saa sita, na mubebe noti ndogo, chenji pale ni shida.