Maxima na kinyota kinachotoweka

Maxima ni programu huria ya aljebra iliyotokana na Macsyma, mradi uliozaliwa katika chuo cha MIT nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Uwezo wake wa kurahisisha mitajo na kutatua milinganyo hauna ubishi. Ninachokipima hapa ni namna inavyoipokea alama ya kuzidisha na namna inavyoionyesha, kwa sababu mtumiaji hukutana na suala hilo tangu mstari wake wa kwanza.

Katika kupokea, Maxima haina mzaha. Ukiandika 2x inakataa, mpaka uandike 2*x. Ukali huo nauunga mkono. Lugha ya programu ya Julia, kwa mfano, huikubali 2x, lakini 1/2x huisoma kuwa moja gawanya kwa 2x nzima, jambo ambalo wengi hawalitarajii.

Tatizo liko kwenye kuonyesha. Ukiingiza 2*x*y, jibu hurudi 2 x y: kinyota kimeondolewa, pameachwa nafasi tupu. Maandishi hayo yanapendeza kama ya kitabuni, lakini ukiyanakili na kuyabandika kwenye mstari unaofuata, programu ileile iliyoyatoa huyakataa. Mathematica, programu nyingine ya aljebra, imejipanga vizuri zaidi hapa, kwa kuwa kwake nafasi kati ya a na b ni kuzidisha, iwe umeiandika wewe au imeionyesha yenyewe.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye mabano. Zao la x na y+1 huonyeshwa x (y + 1), ilhali ukisahau kinyota na kuandika x(y+1), Maxima hudhani x ni jina la kitendakazi, haitoi onyo lolote, na huonyesha x(y + 1). Vitu viwili visivyohusiana kabisa vinatofautishwa na nafasi moja tupu, ambayo jicho lililochoka haliioni, na kosa husafiri kimya hadi jibu la mwisho.

Kwenye matriksi, yaani majedwali ya namba, mambo hubadilika tena. A*B huzidisha kila kijenzi na mwenzake, na zao halisi la matriksi huandikwa kwa nukta, A . B, yenye nafasi pande zote mbili ili isichanganywe na nukta ya desimali. Anayetoka MATLAB, programu nyingine ya hesabu, atapotea, kwani kule kinyota kitupu ndicho zao la matriksi, na kinyota kilichotanguliwa na nukta ndicho huzidisha kijenzi kwa kijenzi. (Mwanahisabati Leibniz aliipendekeza nukta mwaka 1698 akilalamika kwamba alama ya × hufanana mno na herufi x, kumbe nukta nayo ilikuwa na mgogoro wake.)

Dawa ipo, na ni fupi: amri stardisp:true hurudisha vinyota kwenye majibu yote, na grind huchapa mtajo mmoja katika umbo linaloweza kuingizwa tena. Sioni kwa nini mpangilio huo umezimwa tangu mwanzo, hasa kwa programu inayomlazimisha mtumiaji kuandika kinyota kila mara. Anayeandaa maandishi ya kuchapishwa anaweza kuuacha ulivyo, maana amri ya tex, inayotoa mtajo katika umbo la TeX, mfumo wa kupanga maandishi ya hisabati, inampa anachohitaji. Anayeendelea kuhesabu kwa kutumia majibu aliyokwisha kuyapata ni heri auandike kwenye faili la maxima-init.mac, ambalo programu hulisoma kila inapofunguliwa.