Uchambuzi: Mtamba Wangu Mpya wa Angus na Mpango wa Kumpandisha

Haya ndugu watazamaji, karibuni. Huyu aliyesimama nyuma yangu ni mtamba, yaani jike ambaye bado hajazaa, wa Angus, aina ya ng'ombe wa nyama; hereni namba 214, ametimiza mwaka mmoja. Yuko kwenye zizi la peke yake kwa sasa, anakula vizuri, anacheua, na leo namchambua mbele yenu kuanzia kwato hadi karatasi za ukoo. Kisha tutapanga apandishwe lini na kwa mbegu ya fahali wa namna gani. Alipofaulu nitasema, na alipopungua nitasema vilevile.

Tuanzie chini, maana ng'ombe wa nyama anaishi kwa miguu yake. Sogeza kamera hapa. Unaona kwato za mbele? Kucha mbili zinalingana urefu, ncha zinatazama mbele, hazipishani kama mikasi. Kisigino kimesimama, hakijalala. Wataalamu wa Angus huipa miguu alama kuanzia 1 hadi 9, na 5 ndiyo ya katikati na ndiyo bora. Hapa mbele nampa 5 bila kusita.

Nyuma ndipo ninapoguna. Mtazame kwa ubavuni, pale kwenye kiungo kikubwa kilicho juu ya kwato, katikati ya mguu. Kona yake ni ndogo, mguu umenyooka kuliko ninavyopenda. Mguu ulionyooka sana haupokei kishindo vizuri, na miaka ikienda viungo huvimba. Sasa mpitishe kwenye tope, hivi. Tazama nyayo. Ng'ombe mwenye miguu mizuri hukanyaga kwa mguu wa nyuma palepale alipotoa wa mbele. Huyu anapungukiwa karibu upana wa vidole vitatu. Si kilema, anatembea vizuri na hachechemei, lakini hii ndiyo kasoro yake kubwa na nitairudia tukifika kwenye kuchagua fahali.

Kwa nini nakaza sana habari ya miguu? Kwa sababu sifa ya jike wa Angus ni kuzaa mfululizo kwa miaka mingi. Kwenye kumbukumbu za mwanzo za aina hii, kule Uskoti, yupo jike aliyeitwa Old Granny, aliyezaliwa 1824. Inaelezwa aliishi miaka 35 na kuzaa ndama 29. Simtarajii huyu afike huko, lakini jike asiyeweza kutembea umbali wa malisho hafiki hata ndama wa tano.

Tupande juu. Utosi umechongoka na ngozi ni laini, sioni kovu lolote. Huyu kazaliwa bila pembe, hakukatwa. Macho mang'avu. Kifua kipana, na nyuma ya bega hakuna shimo. Mbavu zimetanuka, tumbo lina nafasi ya majani. Akigeuka unaziona mbavu mbili za mwisho kwa mbali, na pale penye mkia mafuta ndiyo kwanza yanaanza. Kwa kipimo cha unono cha 1 hadi 9 yuko kwenye 5 inayoelekea 6. Hapo ndipo namtaka, na ningemkataa kama angekuwa 8. Mtamba aliyenoneshwa mno hujaza mafuta kwenye kiwele na maziwa hupungua, tena mafuta hubana njia ya kuzalia. Manyoya yanayong'aa na mgongo uliojaa vinauza ng'ombe haraka sana, wafugaji wenzangu, na mara nyingi ni chakula tu kinachozungumza.

Nyuma kabisa. Umbali kati ya mifupa hii miwili ya makalio ni mzuri, na kiuno kinateremka kidogo kuelekea mkiani, jambo linalomsaidia ndama kutoka. Uke wake ni wa ukubwa unaolingana na umri. Ukiona mdogo kupita kiasi, uliza kama alizaliwa pacha na dume. Mtamba aliyechangia tumbo na dume, zaidi ya mara tisa kati ya kumi ni tasa, na kwa macho anaweza kupendeza kuliko wote zizini. Huyu alizaliwa peke yake, imeandikwa. Chuchu nne, zimeachana, hakuna ya ziada.

Na tabia? Kwenye kibanio alisimama, akatoka kwa kutembea. Nilifurahi sana. Ng'ombe anayeruka kila akiguswa ni hatari kwa anayemhudumia, na ukali hurithiwa.

Sasa karatasi, na hapa tukae kidogo. Kuna namba zinaitwa EPD, yaani makadirio ya kile ambacho mnyama atawarithisha watoto wake akilinganishwa na wengine wa aina yake. Usimalizie macho kwenye namba ya uzito wa ndama akiachishwa kunyonya. Kwa mtamba mimi natazama kwanza wepesi wa kuzaa upande wa mama, kisha maziwa, kisha utulivu, kisha miguu. Wepesi wa kuzaa wake uko juu ya wastani. Maziwa yako katikati, na sitaki yazidi hapo, kwa sababu jike mwenye maziwa mengi anadai chakula kingi, na akikikosa huchelewa kushika mimba inayofuata. Namba ya miguu yake ni ya wastani tu, inakubaliana na tulichokiona kwenye tope.

Karatasi hiyohiyo ina majibu ya vinasaba. Mwaka 2008 ilijulikana kwamba baadhi ya koo za Angus zina kasoro iitwayo AM; ndama huzaliwa mfu, mgongo na miguu imepinda. Zikafuata nyingine, kama NH, ambayo ndama huzaliwa na kichwa kilichojaa maji. Mnyama mwenye nakala moja tu ya kasoro haonyeshi dalili yoyote. Ukimpandisha kwa fahali ambaye naye ana nakala moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa ndama wa namna hiyo. Huyu amepimwa, yuko safi kwa zote mbili. Kama wako hajapimwa, basi chagua fahali aliyepimwa akaonekana safi, na utakuwa umefunga mlango huo.

Kuhusu afya nitapita haraka. Atakaa ametengwa mwezi mzima kabla ya kuchanganyika na wengine. Damu imechukuliwa kupima brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, na kipande kidogo cha sikio kupima virusi vya BVD, maana ng'ombe aliyeambukizwa virusi hivyo tumboni mwa mama yake huvimwaga maisha yake yote akionekana mzima. Chanjo za magonjwa yanayotoa mimba zinatangulia. Zile za virusi hai mpe angalau mwezi mmoja au mwezi na nusu kabla ya kumpandisha. Na daktari amempima kama ana mimba. Msicheke, mtamba wa Angus hubalehe mapema, na dume dogo lililosahaulika kundini linaweza kuwa limeshamaliza kazi. Ukimchoma sindano ya kumwita kwenye joto, yaani hali ya kutaka dume, naye ana mimba changa, umeitoa mimba hiyo.

Haya, apandishwe lini? Umri peke yake hautoshi kuamua. Mtamba anapaswa kufikia asilimia 60 hadi 65 ya uzito atakaokuwa nao akikomaa. Mama yake ana kilo 560, kwa hiyo namtaka huyu kati ya kilo 336 na 364. Leo mkanda wa kupimia uzito unasoma 312. Akiongeza nusu kilo na kidogo kwa siku, baada ya miezi miwili hivi atakuwa amefika karibu 350, akiwa na miezi 14. Mimba ya Angus huchukua takribani siku 280, basi atazaa akikaribia miaka miwili. Hesabu inakaa sawa. Ila akifika miezi 14 na mkanda ukasoma 325, nitasubiri. Sitampandisha kwa sababu ya kalenda.

Kabla ya hapo, daktari atapima nyonga kwa kifaa, urefu mara upana. Baadhi ya madaktari huweka sentimita za mraba 150 kama kiwango cha chini kwa mtamba wa umri huu. Siku hiyohiyo atapapasa mfuko wa uzazi na vifuko vya mayai na kutoa alama ya 1 hadi 5. Akipata 4 au 5 maana yake ameshaanza kuingia kwenye joto. Akipata 1, mpango wote unaahirishwa.

Sasa fahali. Wengi hapa hutafuta fahali wa ndama wakubwa, na kwa mzao wa kwanza mimi nakataa kabisa. Fahali atakayempata ni Angus mwenye namba ya juu ya wepesi wa kuzaa, hasa ile inayoandikwa CED, ambayo tayari imejumlisha uzito wa ndama ndani yake. Pili, awe ameshapata ndama wengi ili namba ziaminike; fahali kijana mwenye namba nzuri kwenye karatasi tu simtaki kwa mtamba. Tatu, awe na miguu mizuri nyuma, yenye kona inayostahili, ili afidie kile tulichokiona. Na wasigongane ukoo, babu zao wasiwe wamoja. Mzao wa kwanza nikipata ndama wa kawaida aliyetoka mwenyewe na mama akabaki mzima, nimeridhika. Ukubwa tutautafuta mzao wa tatu.

Nitatumia uhimilishaji, kwa kuwa fahali aliyethibitishwa hivyo ni nadra kumpata zizini kwako. Joto hurudi kila siku 21 hivi. Dalili ya kuamini ni moja: anapandwa na wenzake na anasimama, hakimbii. Ute na kelele ni vya kukuandaa tu. Ukimwona amesimama asubuhi, mhimilishe jioni. Ukimwona jioni, mhimilishe asubuhi inayofuata. Baada ya hapo chakula kisibadilike ghafla, na asisafirishwe kuanzia siku ya 5 hadi ya 42 hivi, kipindi ambacho kiinitete bado kinajishikiza.

Jambo moja zaidi la mpango: nitamhimilisha wiki tatu hadi nne kabla ya majike wakubwa. Ili jike azae kila mwaka, akishazaa ana siku kama 80 tu za kushika mimba nyingine. Mzaa kwanza bado anakua, ananyonyesha, meno yake yanabadilika, na mara nyingi huchelewa kurudi kwenye joto. Akitangulia kuzaa, anapata siku hizo za ziada, na msimu unaofuata anakuwa sambamba na wenzake. Watu wengi wanamlaumu jike kwa kutoshika mimba ya pili wakati hakupewa siku za kupona.

Hukumu yangu basi: mwili nampa vizuri sana, tabia vizuri sana, karatasi vizuri, miguu ya nyuma wastani. Anabaki kundini kama mzazi, kwa sharti kwamba nyonga ipite. Ikiwa finyu, atanenepeshwa aende kwenye nyama, hata kama nampenda. Daktari akishaingiza kile kifaa nitawawekea vipimo vyote viwili hapa, urefu na upana, muone namba wenyewe.