Vipele vya ndevu: kliniki ya ngozi niliyoichagua hapa Arusha

Wanaume wengi wenye nywele za kipilipili tunaishi na vipele vya ndevu tukidhani ndivyo tulivyoumbwa. Vyangu vilikaa chini ya taya na kisogoni. Kila nikitoka kunyoa vinawaka: kinyozi anapitisha wembe, anafuta kwa spiriti, na kesho yake kola ya shati haivumiliki. Viwili vya kisogoni vilipoanza kuwa vigumu kama kovu linaloota, nikaanza kutafuta kliniki ya ngozi. Naeleza kwa urefu kwa sababu mabango ya ngozi nyororo sasa yako kila kona ya mji huu, na mtu hajui aanzie wapi.

Kabla ya kutoka nyumbani nilijiwekea kipimo kimoja: mahali watakapotaja bei kabla ya kuitazama ngozi yangu, sikai.

Pa kwanza palikuwa pazuri mno, kiyoyozi na viti vyeupe. Dada wa mapokezi akanikaribisha vizuri: "Karibu kaka, tuna ofa ya leza. Vipindi sita ni laki tisa, ukilipa leo tunakupunguzia." Hakuna aliyekuwa ameniangalia kidevu. Nikamuuliza mashine yenyewe ni ya aina gani. "Ya kisasa kabisa, imetoka Ulaya." Nikaomba kuongea na anayeiendesha, nikaambiwa huyo hupatikana siku ya miadi tu, ukishalipa.

Swali hilo la mashine ulizeni, tafadhali. Leza ya kuondoa nywele hufanya kazi kwa sababu melanini iliyo kwenye unywele hunyonya mwanga na kuugeuza kuwa joto. Sisi weusi melanini hiyo tunayo tele kwenye ngozi pia, kwa hiyo mwanga usiofaa unaunguza ngozi kabla ya kuufikia unywele, na unabaki na malengelenge na madoa. Aina ya leza iitwayo Nd:YAG, yenye mwanga wa nanomita 1064, huzama chini zaidi na melanini ya juu huunyonya kidogo, ndiyo maana madaktari huipendelea kwa ngozi nyeusi. Ya alexandrite, nanomita 755, ni hatari zaidi kwetu. Mtu anayetaka laki tisa zako anapaswa kujua ya kwake ni ipi.

Pa pili sikukaa. Walinipa kopo jeupe lisilo na lebo, "krimu yetu wenyewe, inakausha vipele na kung'arisha." Ndani kuna nini? Siri ya kliniki. Nikalirudisha mezani, maana huenda ndani mlikuwa na steroidi. Steroidi kali kama clobetasol hutuliza uvimbe haraka sana, na ndiyo sababu watu huzisifia wiki ya kwanza. Zikiendelea usoni hupunguza unene wa ngozi na kuzua chunusi mpya, na ukiziacha ghafla uso unawaka upya. Dawa halali ina jina lake, kiwango, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Dawa husajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba; vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, shirika la viwango. Kopo lisilo na lebo halina pa kuulizia. Hapo sina mjadala na mtu.

Niliyoichagua nilielekezwa na mfamasia wa mtaani kwetu. Ni kliniki ndogo, mabenchi ya mbao, na anayetibu ni dokta wa kike aliyesomea ngozi RDTC, chuo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi. Chuo hicho kimekuwepo tangu 1992, kinafundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na hapo ndipo inapotengenezwa Kilisun, losheni ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Leseni yake ya Baraza la Madaktari Tanganyika imetundikwa ukutani. Niliisogelea nikaisoma vizuri, naye hakukasirika hata kidogo.

Aliuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa. Unatumia wembe gani? Unanyoa kufuata nywele au kinyume chake? Umeshapaka nini? Kwenu kuna mwenye makovu yanayovimba? Kisha akashika kifaa chenye taa na kioo cha kukuza, akapiga picha na kunionyesha unywele uliotoka, ukajikunja, ukaingia tena kwenye ngozi. "Unaona, kaka yangu? Huu si uchafu. Unywele umerudi ndani, na mwili unapigana nao."

Akanisimamisha kunyoa kwa mwezi mzima, na baada ya hapo mashine ya kunyolea tu, ibakize kama milimita moja. Dawa za kupaka ni mbili: usiku adapalene, asubuhi benzoyl peroxide. Vile vigumu vya kisogoni alivichoma sindano ya triamcinolone, dawa ya kupunguza makovu yaliyovimba, na sindano hiyo inauma, nisiwadanganye. Kuhusu leza alisema tungoje kwanza, na ikibidi atanielekeza penye Nd:YAG. Kumwona nililipa 30,000, dawa na sindano kando. Nilifurahi kumkuta mtu anayeweza kusema "hii huihitaji sasa" huku pesa iko mezani.

Yasiyonipendeza yapo. Hawachukui miadi kwa simu, unakaa kwenye benchi mpaka zamu yako ifike. Na hakuna aliyeniambia kwamba benzoyl peroxide inachujusha nguo. Foronya zangu za buluu na kola za mashati zimepauka mabaka mabaka. Tumieni taulo na foronya nyeupe.

Sasa shingo imetulia na madoa yanafifia, ingawa polepole sana. Kisogoni kimoja kimelala kabisa, kingine bado ninarudi kukichoma kila baada ya wiki kadhaa. Jumamosi wanafungua hadi saa nane mchana, na ukifika kabla ya saa tatu asubuhi benchi linakuwa bado lina nafasi. Nenda na kila ulichowahi kupaka, pamoja na maboksi yake, maana ndicho atakachokiulizia mwanzo.