Tangi la maji la nyumbani: nunua lipi kwanza

Kabla hujaenda dukani, hesabu madumu. Kwetu tuko watano, na tukijibana tunamaliza madumu kumi ya lita 20 kwa siku, yaani lita 200. Tangi la lita 1,000 hapo linatuvusha siku tano tu, na mgao wa maji ukifika wiki tumekwama. Ndiyo maana naanza na simtanki nyeusi ya lita 2,000.

Haishiki kutu, inafungwa kwa siku moja, na ukihama unahama nayo. Kwa mpangaji hilo si dogo. Dukani, omba lisogezwe juani, chungulia ndani huku umejifunika khanga mdomoni pa tangi. Ukiona ukuta unapitisha mwanga, liache, maana mwanga ndio unaootesha ukoga wa kijani. Kisha shikeni mawili ya ujazo mmoja muyanyanyue: lililo zito ndilo lenye ukuta mnene.

Sasa msingi, na hapa nakusihi usibane pesa. Lita 2,000 ni tani mbili. Tangi langu la kwanza fundi alilikalisha juu ya mbao tatu. Haukupita mwezi, kitako kikabonyea kati ya mbao, ufa ukaanzia pale koki inapoingia, na alfajiri moja nikakuta uwanja umeloa na tangi tupu. Maji ya wiki nzima! Kitako chote kikae juu ya zege lililosawazishwa, pana kuliko tangi lenyewe.

La pili ni tangi la saruji la kuchimbia chini, kwa mwenye kiwanja chake, hasa mkulima. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 60, ikinyesha milimita 20, linakupa hadi lita 1,200. Simtanki inajaa kwa mvua mbili na masika yote yanayobaki yanakwenda mtaroni. Tangi la lita 10,000 linayapokea. Liwe mbali na choo, mfuniko uwe na kufuli kwa ajili ya watoto. Uvujaji wa chini hauonekani, basi jioni pima kina kwa kijiti, mtu asichote, upime tena asubuhi.

La tatu, pipa la lita 200. Kwa tuta la mchicha linatosha kabisa. Uliza lilibeba nini: lililokuwa na kemikali usilichukue hata kwa bei ya bure, plastiki huinyonya na sabuni haiitoi. Na lifunikwe kwa wavu. Mbu wa homa ya dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga kwenye maji safi yaliyotulia kama hayo.

Tangi la bati naliweka mwisho. Pwani hewa ya chumvi hulila mapema.

Lolote utakalochukua, ongeza koki ya boya ili maji ya bomba yakijaa usiku yajifunge yenyewe, na mwambie fundi koki ya kuchotea aitoboe juu kidogo ya kitako, tope libaki chini.